Nilivyopita na fito mbichi kijijini watu wakajua kuna msiba, kumbe tunagawa dawa ya matende

Wakuu, salamu kwenu, mnaoandika na mnaosoma kimya kimya mkiwa kazini.

Kisa hiki sijakisikia kijiweni wala sijakiokota kwenye grupu la WhatsApp. Nilikuwepo, na kwa bahati mbaya mimi ndiye niliyekuwa tatizo. Nitakieleza kilivyokuwa, pamoja na zile sehemu zinazoniaibisha. Majina nimebadilisha. Kijiji nakiacha bila jina, ila ni huko ndani kuelekea Fukayosi, wilaya ya Bagamoyo.

Kwanza mnijue kidogo.

Shule niliacha darasa la sita, kwetu Urambo. Sikufukuzwa, nilichoka tu kukaa sehemu moja. Tangu hapo nimeuza mitumba Morogoro, nimekuwa saidia fundi Kibaha, nimekaanga samaki sokoni Bagamoyo mjini mpaka nguo zangu zote zikanuka mafuta. Nikikaa mahali miezi minne miguu inaanza kuwasha. Ila kila ninapofika nauliza maswali, na nauliza mpaka watu wanajifanya wana haraka.

Huko ndani nilikwenda kuvuna mananasi. Nikapanga chumba cha uani kwa mzee mmoja, tumwite Mzee Shomari.

Mzee Shomari ndiye mchimba makaburi wa kijiji. Halipwi mshahara, ni kazi ya heshima aliyoachiwa na baba yake. Mtu akifa usiku au mchana, mlango wa kwanza kugongwa ni wake. Mzee mrefu, maneno machache, kila siku yuko na msuli na kofia ya kufuma.

Mkewe, Bi Mwajuma, ni kinyume chake. Huyo maneno anayo ya kugawa. Mguu wake wa kulia umevimba kwa matende miaka mingi, kuanzia gotini mpaka vidoleni, na kandambili haiingii. Mume wake alimkatia katambuga ya tairi, pana kama sinia. Ukimpa pole anakwambia mguu mmoja anautembelea, mwingine anautembeza.

Halafu yuko binti yao, Mwanaidi. Ameachika, karudi nyumbani na watoto wawili. Yeye ndiye mgawa dawa wa kijiji.

Kwa wasiojua: huku pwani kuna zoezi la kumeza kingatiba ya matende na mabusha. Mbu anamuuma mwenye vimelea, anakwenda kukuuma wewe, vinyoo vidogo vinaingia mwilini na kukaa humo miaka bila wewe kujua. Mwanamke mara nyingi huvimba mguu. Mwanaume naye anaweza kuvimba mguu, au anapata ule mzigo ambao tunauficha kwenye msuli. Dawa inatolewa bure. Idadi ya vidonge inategemea urefu wako, ndiyo maana mgawa dawa anatembea na fimbo ndefu yenye alama. Unasimama pembeni yake, anaangalia kichwa kimefika alama ipi, anakuhesabia vidonge.

Shikeni hapo kwenye fimbo.

Mwaka uliotangulia, Mwanaidi alirudisha zahanati zaidi ya nusu ya dawa. Wanaume walikimbilia mashambani. Ilisemwa dawa inamaliza nguvu za kiume. Wengine walisema hawana haja nayo, maana busha linaletwa na kunywa madafu mengi, nao madafu wameacha. (Waliyaacha kweli? Nimewaona kwa macho yangu wakiyanywa.) Na aliyeongoza kukataa, bila kusema neno hata moja, alikuwa baba yake mwenyewe. Mzee Shomari hakuwahi kumeza hata mara moja. Wanaume wa pale wakimwona hamezi, nao hawamezi.

Muuguzi wa zahanati akamwambia Mwanaidi kwamba mwaka huu ikiwa vile vile, kazi atapewa mwingine. Lakini nilipomuuliza kama hilo ndilo linalomnyima raha, alitikisa kichwa.

"Kaka, mama ameshavimba," akaniambia. "Mimi kila nikiwaogesha wanangu naangalia miguu yao."

Baada ya kusikia vile nikasema mananasi yatasubiri. Nikamwomba meneja wa shamba siku nne, ambazo ndizo zilikuwa siku za zoezi, nikawe msaidizi wake wa kubeba boksi.

Msaidizi mwenyewe sasa.

Siku moja kabla ya kuanza, Mwanaidi alikwenda kuchukua dawa zahanati kwa bodaboda. Boksi kalipakata, fimbo kaishika mkononi imekingama, kama mtu aliyebeba upinde. Kufika kwenye geti la ua wetu, bodaboda ikapita, fimbo haikupita. Vipande vitatu.

Akabaki kavishika, machozi yako karibu. Fimbo nyingine ilikuwa kijiji cha jirani na wao walikuwa wanaitumia. Nikamwambia asihofu, mimi nimekuwa saidia fundi, aniachie vile vipande na kesho asubuhi atakuta fimbo mpya. Yeye atangulie alfajiri mwisho wa kijiji akawataarifu watu na kuwakumbusha wale chakula kwanza ndipo wameze, mimi nitamfuata.

Mapambazuko niliingia kichakani nyuma ya nyumba na panga. Nikapata mti mwembamba, umenyooka kama umepigwa rula. Nikaukata, nikaumenya maganda ukabaki mweupe, nikavipanga vile vipande pembeni yake na kuchonga alama kwa kisu, kila moja mahali pake. Nikapima mara mbili. Wakuu, ilitoka kazi safi. Nilijisifu peke yangu.

Mzee Shomari alikuwa ameshaondoka kwenda shamba. Bi Mwajuma yuko ndani. Hakuna aliyeniona.

Nikaiweka fito begani, nikatoka kwenye ua, nikashika njia kuu ya kijiji.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mama muuza vitumbua kuipua kikaango chake wakati vitumbua havijaiva. Nikamwamkia, akaitikia kwa sauti ya chini sana, akafunika uso kwa kanga. Mwenye duka akafunga mlango nusu. Vijana waliokuwa wanacheza bao wakainuka mmoja mmoja. Nilipogeuka nyuma nikaona wanaume sita, saba, wananifuata kwa mbali, wengine na majembe, mmoja na chepe.

Mimi nikasema moyoni, mwaka huu mwamko upo.

Sasa niwaambie nilichokuja kuambiwa baadaye. Pale kijijini mtu akifa, mchimba kaburi anakata fito mbichi, anaimenya, anampima maiti kuanzia kichwani mpaka miguuni, halafu fito ile inakwenda makaburini kuwa kipimo cha kuchimbia. Hakuna kazi nyingine ya fito ndefu iliyomenywa. Kujengea nyumba hawamenyi. Na fito hiyo inatoka ua mmoja tu, ua wa Mzee Shomari.

Na mimi nimetoka ua huo, alfajiri, fito begani, kimya. (Asubuhi huwa sina maneno mengi.)

Kwa hiyo kijiji kizima kilijua kuna msiba. Kilichobaki ni kujua wa nani. Na jibu walijipa wenyewe: Mzee Kibwana, mtu mzima aliyekuwa anaumwa wiki nzima. Tena nyumba yake iko kule kule nilikokuwa naelekea.

Nilipofika nyumbani kwake habari imeshanitangulia, mikeka imeshatandikwa. Kinamama wanalia uani, kuni zinashushwa, mmoja kaja na sufuria lake kubwa la shughuli. Wakati huo Mzee Kibwana alikuwa ndani na mjukuu wake, anakunywa uji. Aliposikia vilio akatoka mpaka mlangoni, bakuli mkononi, akauliza kwa unyonge kabisa kafa nani.

Wakuu, sijawahi kuona kilio kinakatika vile. Kinamama walitawanyika, mmoja akapitia kwenye tenga la kuku. Sasa hivi naandika nacheka, ila siku ile sikucheka, kwa sababu macho yote yalihama kwa Mzee Kibwana yakaja kwangu na fito yangu.

Nikafikiri nikieleza ukweli mambo yatatulia. Nikawaambia kwa furaha kwamba hakuna aliyekufa, fito hii ni ya kuwapima wao, wote, wakubwa kwa wadogo, nyumba kwa nyumba.

Wakarudi nyuma hatua moja.

Halafu jamaa mwenye chepe akaniuliza taratibu, "Yaani umekuja kukipima kijiji kizima?"

Kufika saa tano milango yote ilikuwa imefungwa. Mwanaidi alizunguka na boksi lake mpaka miguu ikajaa vumbi. Hakuna aliyekubali hata kumpa kiti. Kwao, kumpima mtu mzima kwa fito ni kumchuria, ni kumwitia kifo. Na dawa inayokuja na fito ya namna hiyo nayo ni ya namna hiyo hiyo. Siku ya kwanza ikaisha, vidonge vyote vimo kwenye boksi.

Aliporudi alikaa kwenye kizingiti cha jiko, boksi mapajani, hanitazami. Laiti angenitukana. Nilianza kuhesabu nguo zangu kichwani, nione zinaingia kwenye begi kwa haraka gani.

Jioni mapema Mzee Shomari akarudi kutoka shamba. Malalamiko alikuwa ameshayapokea njiani, kwa kila aliyekutana naye. Aliingia uani, akaichukua fito, akaipitisha mkono kutoka juu mpaka chini.

"Nani kakata?"

Nikamwambia ni mimi, mzee wangu, na nisamehewe, sikujua.

"Umeimenya vizuri," akasema. Akaiegesha ukutani. "Wewe kwenu wapi hasa? Hapa tunakuita mgeni tu."

Nikamwambia Urambo, Tabora. Akaniuliza kabila. Nikasema Mnyamwezi.

Aliyecheka wa kwanza alikuwa Bi Mwajuma, huko jikoni. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha nikamwona Mzee Shomari, mtu nisiyewahi kumwona meno, naye anacheka.

Wanaojua wameshajua. Kwa wengine: sisi Wanyamwezi na hawa wenyeji wa pale, Wakwere na Wazaramo, ni watani, tangu enzi babu zetu wanashuka na mizigo mpaka Bagamoyo. Mtani anakuja kwenye msiba wako anakutania, anamwiga marehemu, anaweza hata kuingia kaburini akalala na kugoma kutoka mpaka apewe kitu. Akifanya mtu mwingine ni vita. Akifanya mtani, hakuna uchuro.

Mzee Shomari akasema basi limekwisha, kesho alasiri atawaita watu, mambo yawekwe sawa mbele ya kila mtu. Akageuka aende zake kunawa.

Mwanaidi akamzuia.

"Baba, ukiondoa uchuro peke yake watafungua milango, watanicheka, dawa hawatameza. Wanaume wa hapa wanakutazama wewe."

Mzee akakunja uso kama mtu aliyeulizwa deni. Mwanaidi akainama.

Hapo Bi Mwajuma akatoka jikoni, akakaa kwenye kigoda, akaunyoosha ule mguu mbele ya mume wake. Sauti yake haikuwa na mzaha safari hii.

"Shomari, mimi kaburi langu utalichimba pana, nalijua hilo na nimelikubali. Ila ya wajukuu zako usije ukayapanua."

Mzee akachukua kopo la maji akaenda zake kunawa. Hatukujua ameamua nini. Mwanaidi hakulala vizuri, nami vile vile.

Asubuhi nikamkalia Bi Mwajuma na maswali yangu. Mtani anafanya nini, anasema nini, anaweza kudai nini, akidai asipewe inakuwaje. Alinieleza yote huku anamenya mihogo. Akaniambia mtani aliyelala haruhusiwi kuinuliwa kwa nguvu, na anachodai, kikiwa kinawezekana, apewe.

Nikalishika hilo.

Alasiri watu walijaa uwanjani mbele ya nyumba ya Mzee Shomari. Nadhani walikuja wengi kuliko ambao wangekuja kwenye msiba wa kweli. Nikalazwa kwenye mkeka kama maiti, nimefunikwa kanga mpaka shingoni. Mzee Shomari akaja na ile fito akanipima, kichwa mpaka miguu, taratibu, kwa uso ule ule wa kazini. Akatangaza kwamba Mnyamwezi huyu ni mfupi, kazi itakuwa nyepesi.

Kinamama wakaanza kunililia. Mmoja akalia kwamba nimekufa sijaoa na sura yenyewe inaeleza sababu. Mwingine akauliza nani sasa atawamalizia ugali wao. Nikapakwa unga usoni. Halafu Mzee Kibwana mwenyewe akaja na mkongojo wake, akasimama juu ya kichwa changu, akasema jana nilikwenda kumzika, leo yeye kaja kunizika mimi, tumetoka sare. Watu wakalala chini kwa kucheka.

Uchuro ukawa umekwisha. Niliona kwenye nyuso zao.

Wakaniambia niinuke.

Sikuinuka.

Nikasema mimi ni mtani, nimelala, na sitoki hapa mpaka nipewe haki yangu. Mtu mmoja akatupa nanasi karibu na mkeka. Nikasema mananasi nayavuna kila siku. Mwingine akaahidi kuku. Hapo nilisita kidogo, nakiri. Ila nikasema haki yangu ni moja tu: mpima watu wote, naye apimwe leo, ameze mbele yangu.

Vicheko vikapungua. Mwanaidi alikuwa amesimama na boksi lake pembeni ya mlango, mkono kinywani. Mimi nimelala, naona mbingu na ncha za kofia za wanaume. Angekataa pale, mbele ya kijiji kizima, ndio ungekuwa mwisho.

Mzee Shomari akaichukua ile fito, akaenda nayo mpaka kwenye nguzo ya baraza, akaisimamisha wima.

"Kijiji hiki nimewapima wengi," akasema. "Wote niliwapima wamelala. Aliyesimama sijampima kaburi hata mmoja." Akageuka, akaegemeza mgongo kwenye fito, akavua kofia. "Haya Mwanaidi, nisome."

Mwanaidi alimsoma baba yake. Akahesabu vidonge, akarudia kuhesabu. Mzee akavitia kinywani, akanywa maji bilauri nzima, akarudisha kofia kichwani.

Nikainuka na unga wangu usoni. Kabla sijasimama vizuri, yule jamaa wa chepe alikuwa ameshafika kwenye nguzo, anavua kofia.

Ndugu zangu, foleni ilipinda mpaka nyuma ya jiko. Ikawa ni mashindano ya nani mrefu. Wajawazito na watoto wadogo sana Mwanaidi aliwaweka kando kama alivyofundishwa. Na wagonjwa pia, kwa hiyo Mzee Kibwana akakataliwa. Alikasirika huyo. Akasema jana alikuwa maiti, leo mgonjwa, basi wamwambie lini atahesabiwa mtu.

Siku mbili zilizobaki tulizunguka nyumba kwa nyumba, kwa waliokuwa mashambani. Sitawadanganya kwamba wote walimeza. Mwenye duka alibaki na msimamo wake wa madafu, na kuna vijana watatu kila tukifika wako "msalani." Lakini pia kuna wanaume watu wazima ambao walimvuta Mwanaidi pembeni, sauti ya chini, wakauliza kuhusu upasuaji kwa ambaye ameshabeba mzigo. Akawaandika, awapeleke kwa muuguzi wapangiwe hospitali. Majina sitaji, hata mkinipa kuku.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya kwetu. Bi Mwajuma alikuwa amesema atameza akiwa wa mwisho, watu wengine kwanza.

Alisimama kwenye nguzo ameshikilia bega la mumewe. Akavishika vidonge kiganjani, akamuuliza binti yake kama mguu utapungua.

Mwanaidi angeweza kumpa moyo kwa uongo.

"Haurudi kama zamani, mama. Tutauosha na sabuni kila siku na kuukausha, usipate vidonda. Hii dawa ni ili mbu akikuuma asichukue kitu kwako."

Bi Mwajuma akawatazama wale wajukuu wawili, waliokuwa wanagombania boksi tupu wafanye gari.

"Basi hii nawamezea wao," akasema, akameza.

Mzee Shomari akaenda mwenyewe kuchota maji ya kuuosha ule mguu.

Mimi niliondoka kijijini mwezi uliofuata, mnanijua. Niko Pangani sasa hivi, najifunza kushona matanga ya turubai. Mwanaidi bado ndiye mgawa dawa, aliniandikia ujumbe kwamba wamepata fimbo mpya ya zahanati, imepakwa rangi nne, lakini watu wanadai ile ya Mnyamwezi.

Nilichojifunza, kwa akili yangu ya darasa la sita: watu wale hawakuwa wajinga na hawakuwa wabishi. Walikuwa na sababu, na sababu ilikuwa begani kwangu, nikapita nayo kijiji kizima bila kumuuliza mtu hata mmoja. Mimi ninayejisifu kwa maswali, siku ile sikuuliza. Na aliyekuja kufungua milango alikuwa mtu wa pale pale, aliyeambiwa ukweli na mke wake.

Karibuni kwenye komenti. Wagawa dawa na wahudumu wa afya najua mmo humu, tuambieni nanyi mlijikwaa wapi. Na kama uko pwani na mwaka huu ulijificha msalani wakati wa zoezi, jitaje, hatutakupima kwa fito.